Pengo la Lwakatare

Siku hizi kijana mmoja wa Kashai anakuja harusini na kinanda chake cha umeme juu ya bodaboda na kupiga sauti zote peke yake huku anatafuna karanga, lakini zamani, kule Muleba, wimbo mmoja ulihitaji wanaume saba, na kila mwanamume alikuwa na sauti moja tu.

Hao walikuwa wapiga makondere. Kondere ni pembe ya vibuyu virefu vilivyounganishwa na kufungwa kwa ngozi. Lina tundu ubavuni la kupulizia, na hutoa sauti moja, basi. Halipandi wala halishuki. La pili lina sauti yake, na la tatu yake, hivyo hivyo mpaka la saba. Mmoja akipuliza na kunyamaza, mwingine anadakia, na wimbo unatoka kama shanga zinazopita kwenye uzi. Yalipigwa kikaleni, nyumbani kwa mkama aliyetawala nchi ile, kila mwezi mpya ulipoandama.

Lameki Mushumbusi hakuzaliwa katika mambo hayo. Alikuwa mtu wa Nshambya, karibu na mji wa Bukoba, mtoto wa Kilutheri na fundi cherehani. Tarumbeta alifundishwa katika bendi ya kanisa, na alilijua vizuri. Siku ya Krismasi watu walingoja ile sehemu yake ya peke yake kama wanavyongoja nyama. Alihamia Muleba mwaka mmoja kabla ya Uhuru, yeye na mke wake Anatolia, na cherehani ya miguu, na tarumbeta la kanisa limeviringishwa katika blanketi.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, wa kuuliza. Ukimpelekea suruali ashone, alikuuliza kwa nini bega lako la kushoto limeshuka, na ukimwambia, aliuliza lilianza lini. Anatolia alikuwa akisema kwamba siku alipokuja kuposa, Lameki aliuliza maswali mengi hata baba mkwe akadhani ni mtu aliyekuja kununua ng'ombe.

Siku ya Uhuru walikusanyika uwanjani. Bendera ilipandishwa, hotuba zikasomwa, bendi ya kanisa ikapiga. Lameki alikuwa amekaa kwenye nyasi anafuta jasho aliposikia wimbo kutoka upande wa pili. Akageuka amtafute mpigaji. Hakumpata. Aliona wazee saba wamesimama nusu duara, lakini kila alipomtazama mmoja wao, huyo alikuwa ameshanyamaza. Wimbo ulikuwa mahali pengine daima. Alipofika kwa yule wa mwisho, tayari ulikuwa umerudi kwa wa kwanza.

Walipomaliza, aliwafuata. Mkubwa wao aliitwa Rutashobya, mzee mrefu mwenye shuka begani.

"Shikamoo, tata. Samahani. Wewe unapiga sauti hiyo hiyo moja?"

"Marahaba. Hiyo hiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu baba yangu alipokufa nikalishika kondere lake."

"Na huchoki?"

Rutashobya akamtazama kwanza viatu, kisha uso. "Una wake wangapi, mwana wange?"

"Mmoja, tata. Mimi ni Mlutheri."

"Na huchoki?"

Wale wengine waliangua kicheko. Rugaibula, mfupi wa kundi na mchekeshaji wao, alijimwagia lubisi magotini, akalia kwamba fundi huyu atamlipa pombe yake ya ndizi iliyomwagika.

Lameki alirudi nyumbani na swali. Mtu mwenye pumzi na akili zake anakubalije kupewa sauti moja maisha yake yote? Aliwauliza wateja wake, nao walikuwa na jibu tayari. "Wanapigia shamba," walisema. Ilikuwa kweli kwamba kila mpiga kondere alikaa kwenye kibanja alichopewa na mkama, migomba na kahawa yake yote. Kondere likinyamaza, kibanja kinarudi kwa mwenyewe. Jibu lilitosha. Lameki alilipokea, ingawa lilimwacha na huzuni kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa upande wa ndani wa koti zuri.

Uhuru haukufikisha hata miaka miwili, utawala wa wakama ukafutwa. Mkama akaondoka na mizigo yake, na ua wa kikale ukaota magugu. Baadaye na nyarubanja ikafutwa, ule mpango wa mtu kukaa kwenye ardhi ya bwana kwa malipo na utumishi. Vibanja vikawa vya waliovilima. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hakuna aliyekumbuka kuuliza ni nini kingine kilichokuwa kimefungwa ndani ya kifurushi kile kile kilichotupwa.

Lameki peke yake alikumbuka. "Sasa tutaona," alimwambia Anatolia. "Kama walipigia shamba, mwezi huu hawatatoka."

Magharibi, mwezi ukiwa mwembamba kama kucha juu ya kilima, alisimama mlangoni na futi ya kitambaa shingoni. Kukawa kimya. Mbuzi wa jirani akalia. Halafu makondere yakalia kutoka kwenye kibanja cha Rutashobya, yote saba, bila kukosa hata moja. Lameki akacheka peke yake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kesho yake alipanda kwao kuuliza. Rugaibula alisema anapigia lubisi. Mwingine alisema mke wake ana maneno mengi na pale anapata utulivu. Rutashobya alisema, "Zamu yangu ikifika nisipopuliza, kifua kinaniwasha." Wa mwisho kuulizwa alikuwa Lwakatare, mtu mwembamba asiyependa maneno, ambaye alikuwa akimenya ndizi. Alimenya mbili zaidi kabla ya kujibu.

"Sijui," alisema. "Wewe unajua kwa nini unauliza?"

Lameki hakujua. Alimpenda mzee huyo tangu siku ile.

Lwakatare alikufa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja tu, alikuwa Kampala, naye alituma habari kwamba hana haja na vibuyu. Mwezi ulipoandama, wazee sita walipiga. Lameki alisikiliza akiwa mlangoni pake, na kila zamu ya Lwakatare ilipofika, wimbo ulitumbukia shimoni kidogo, ukatoka, ukaendelea. Ulichechemea. Alidhani wamekosa mtu, basi. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza.

Wakati huo vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa. Cha kwao kiliwekwa kwenye rweya, ule uwanda wa majani ambao mababu waliuachia ng'ombe na kukata nyasi za kutandaza chini ya migomba. Hawakuuachia kwa uvivu. Waliujua udongo wake. Lakini mwenyekiti wa kijiji, kijana Kamugisha, alikuwa na ramani, na kwenye ramani rweya ilionekana tupu na nzuri. Kwa sherehe ya ufunguzi aliwaita wapiga makondere.

"Wazee, mtapiga dakika tano, kwa mstari ulionyooka," aliwaambia. "Na huo wimbo mbadilishe maneno, uisifu kazi ya kijiji."

"Wimbo hauna maneno, mwenyekiti," alisema Rutashobya.

"Basi muuwekee."

"Tukiuwekea maneno, mwenyekiti," alisema Rugaibula, "tutapuliza kwa mdomo upi?"

Kamugisha alicheka pia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, kama wote wa siku zile.

Siku ya sherehe bendi ya kanisa ilikaa upande wa kulia wa jukwaa la wageni, na Lameki akiwa mbele na tarumbeta lake linang'aa. Wazee sita wakaanza. Zamu ya Lwakatare ikafika na kupita tupu, kisha tena, na tena. Mgeni mmoja aliyetoka Bukoba, mwenye tai, akamwinamia jirani yake na kusema kwa sauti iliyofika mbali:

"Injini ya wazee hawa inakosa plagi moja."

Watu wakacheka. Kicheko kikapita kwenye viti, kikashuka mpaka kwa wanawake waliobeba majembe mapya. Lameki alihisi uso wake unawaka moto. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia kila mwezi kwa miaka. Zamu ilipofika tena, mikono yake ilikuwa imeshanyanyua tarumbeta. Akapuliza. Sauti moja, fupi, safi, mahali pake hasa.

Wimbo ukasimama wima. Uwanja mzima ulipiga makofi, na yule mwenye tai akainuka kabisa. Lameki akapuliza tena, na mara ya tatu. Hapo ndipo alipotambua kwamba Rutashobya ameshusha kondere lake na kulilaza kwenye nyasi. Rugaibula akashusha lake. Mmoja mmoja wakanyamaza wote, na tarumbeta likabaki linalia peke yake kama ndama aliyepotea.

Kamugisha akaita haraka kikundi cha ngoma.

Lameki aliwakuta wazee nyuma ya ghala jipya. Rutashobya hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi.

"Lameki, nani alikuambia pale pana nafasi?"

"Tata, hapakuwa na mtu."

"Alikuwapo Lwakatare."

Akamweleza polepole. Kwao, mpigaji akifa, zamu yake haijazwi. Wenzake wananyamaza kiasi cha pumzi yake, ili kila anayesikia ajue kwamba fulani bado ana mahali, mpaka ukoo umlete mwingine. Atakayepuliza zamu hiyo mbele za watu amekirithi kiti. Na mrithi akikalia kiti kisha akakiacha, hakirudi kuwa cha marehemu. Kimekufa, na wimbo umekufa nacho. Kilima cha pili walikuwa na makondere yao, na hivyo ndivyo yalivyokwisha.

"Lakini mimi si wa ukoo wake," alisema Lameki. "Wala si mtu wa hapa."

"Hilo ungeuliza kabla ya kupuliza."

"Jamani," alisema Rugaibula, na safari hii hakuna aliyecheka, "mtu huyu ameuliza kila kitu tangu Uhuru. Siku moja tu hakuuliza."

Rutashobya akaokota kondere lake, akafuta nyasi. "Mwezi ujao ukiandama, tutakungoja. Ukija, utapewa kondere la Lwakatare na utalipiga mpaka ufe. Usipokuja, tutayatundika yote. Hatutakulaumu. Tutayatundika tu."

Basi Lameki akawa na mzigo ambao hakuna cherehani ingeushona. Habari ilimtangulia kanisani. Mwinjilisti Gamaliel, aliyekuwa msimamizi wa bendi, alimwita baada ya ibada.

"Mwezi hauabudiwi, ndugu yangu."

"Hawauabudu, mwinjilisti. Wanauamkia tu."

"Na wewe unakwenda kuamkia nini?"

Gamaliel akashusha pumzi. "Sina ubaya nawe. Lakini wazee wa kanisa hawatakubali mdomo mmoja upulize huku na kule. Ukienda, urudishe tarumbeta. Na Krismasi hii atapiga mwingine."

Wiki ile Lameki alishona suruali moja ikiwa na mguu mmoja mrefu, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Alifikiria Krismasi na ile sehemu yake ya peke yake, na jinsi kanisa linavyonyamaza kumngoja. Alifikiria pia makondere saba yametundikwa ukutani yakiingia mende, kwa sababu ya kicheko cha mtu mwenye tai. Siku ya tano alilifuta tarumbeta kwa mafuta, akaliviringisha katika blanketi lile lile, akalipeleka mwenyewe kwa Gamaliel.

Anatolia alimngoja mlangoni. "Umerudisha sauti zote," alisema, "ukachukue moja."

"Nataka kujua."

"Ukishajua, utaacha?"

"Siwezi kuacha. Ndiyo masharti."

"Basi wewe si fundi tena, baba. Wewe ndiye kitambaa."

Mwezi ulipoandama alipanda. Wazee walikuwa wamekaa uani, na walipomwona, Rugaibula alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Rutashobya akatoa kondere la Lwakatare. Kwenye ngozi palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba, na kidole cha Lameki kililala hapo bila kutafuta.

Akaharibu vibaya. Yeye, aliyesikilizwa na kanisa zima! Mara ya kwanza aliwahi. Mara ya pili alichelewa. Mara ya tatu alifika kwa wakati lakini akairefusha sauti ili ipendeze, na mtu aliyemfuata akakosa pa kuingilia.

"Lwakatare amekufa," alisema Rugaibula, "na hata hivyo hakuwahi kuchelewa hivi."

Jambo lililomshangaza Lameki lilikuwa jingine. Alikuwa ndani ya wimbo, na wimbo haukuwapo. Kutoka mlangoni pake aliusikia mzima, miaka yote ile. Hapa alisikia pumzi ya aliyemtangulia, kisha zamu yake, kisha alikuwa anaingoja tena. Kama mtu aliyeipenda nyumba kwa mbali, akaingia, na sasa anaona ukuta mmoja tu.

Alipofika nyumbani Anatolia alikuwa bado kwenye kiti cha mlangoni.

"Haya, umejua?"

"Hata wimbo wenyewe sikuusikia."

"Mimi nimeusikia."

Lameki akasimama. "Ulikuwaje?"

Mke wake akamwimbia kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho, na mahali alipowahi na alipochelewa akapaweka vile vile, bila huruma. Tangu hapo ikawa desturi yao. Kila mwezi mpya alipanda kupiga asichokisikia, akarudi kuuliza ulikuwaje, na Anatolia akamwimbia. Ilikuja siku, baada ya mwaka na zaidi, aliyomwimbia bila kuweka kosa hata moja. Hakumwambia. Lameki alisikia mwenyewe, akaenda kuwasha taa.

Miaka ikaenda hivyo. Krismasi alikaa viti vya nyuma kanisani, na kijana aliyeshika tarumbeta hakuwa mbaya. Wazee walipungua nguvu lakini walikuwa saba. Kijiji cha rweya nacho kikapanuka, na kikao kikaamua kwamba kibanja cha Rutashobya, kwa kuwa kilipakana na kikale cha zamani na kilikuwa na migomba mizuri, kiwe shamba la wote. Yeye akapewa kipande kwenye uwanda. Shamba la wote likalimwa na wote kwa msimu mmoja, halafu likawa la nyasi. Na kule kwenye uwanda, migomba aliyopanda mzee ilifika urefu wa mtoto, ikalala.

Mtu wa Buhaya asiye na migomba ni nusu mtu, na kwenda kulishwa na mkwe ni aibu ya kuficha uso. Rutashobya alivumilia kadiri alivyoweza. Macho nayo yakaanza kufifia. Mwishowe binti yake Kokugonza, aliyeolewa na mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, akaja kumchukua.

"Tata, kule hakuna anayekujua," alimwambia. "Nani atakucheka?"

"Ndiyo ubaya wenyewe," alisema mzee, lakini akafunga mzigo wake.

Wote sita walimsindikiza mpaka mwaloni, ufukweni mwa ziwa, asubuhi, wamebeba makondere kwenye magunia kwa sababu hawakutaka maswali njiani. Mtumbwi ulikuwa tayari. Rutashobya alipanda akishikwa mkono, akakaa nyuma akiwatazama, akalitoa kondere lake. Hakukuwa na mwezi wowote mpya. Hawakuwa wamepatana. Yeye alianza, na wao wakadakia.

Mtumbwi ukaondoka. Sauti yake ikawa inatoka majini, mahali pake, kisha ikichelewa kidogo kwa sababu ya umbali, kisha nyembamba kama ya mbu. Halafu zamu yake ikafika, na kulikuwa na upepo tu.

Lameki alikuwa na pumzi kifuani. Sauti ile aliijua kama aijuavyo njia ya kwake. Rugaibula alimtazama, na wengine wakamtazama, makondere midomoni. Akaizuia ile pumzi kwa kiasi cha pumzi ya mzee, akaliacha pengo lipite, kisha akapuliza ya kwake, ya Lwakatare, wala hakuwahi wala hakuchelewa.

Wakaendelea hivyo, wimbo ukichechemea ufukweni, na wauza dagaa wamesimama kuwaangalia. Mtumbwi ulikuwa mbali sasa. Lakini kila zamu ilipofika, Lameki aliona kule majini mkono mwembamba ukinyanyua kitu kirefu mpaka usoni na kukishusha, kwa wakati wake hasa, ingawa hakuna kilichosikika.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho alipowaona wote saba wakipiga.